Nyumba ya Upande wa Kivuli

Malindi, Jumanne, katikati ya Desemba

Joto la leo liliamka kabla yangu. Nilipofungua dirisha baada ya sala ya alfajiri hakuna jani lililotikisika, na paka wa jirani alikuwa keshajilaza kwenye saruji ya uani, tumbo chini, akitafuta ubaridi. Nikatandika mkeka sakafuni, nikaielekeza feni usoni, nikafungua kompyuta na kuanza kutafuta pahala pa kulala kwenye theluji.

Cheka tu, shajara. Hata mimi nilicheka.

Habari yenyewe ni hii. Binti yangu Saida, aliyezaliwa kule milimani, Italia, na sasa anaishi Torino, amepata likizo ya wiki moja mwanzoni mwa Februari. Anataka wanawe wawili wajifunze kuteleza kwenye theluji, jambo ambalo yeye alilijua kabla ya kujua kusoma. Anataka niwepo nione. Na safari hii anamtaka pia mjomba wake, kaka yangu Abdalla, ambaye hajawahi kukanyaga Ulaya. Tiketi ya kaka wamechangiana watoto wake. Kilichobaki ni nyumba, kwa sababu ubalozi hautoi viza bila anwani ya mahali utakapolala, na miadi yetu Nairobi ni wiki hii hii.

"Mama, chagua wewe," Saida aliniambia jana kwenye simu. "Si wewe ndiwe uliyekaa huko?"

Nilikaa huko, ndiyo. Nilikwenda nikiwa bi harusi, mume wangu akiwa mpishi katika hoteli ya mlimani. Nimerudi mjane. Kati ya kwenda na kurudi yamepita maisha mazima. Kule nilikuwa "yule mama Mwafrika wa jikoni". Hapa watoto wa mtaa wananiita Bi Mtaliano, na sijui nani amewafundisha. Nimezoea. Mtu akikaa mbali muda mrefu hapati makwao mawili, kama wasemavyo wanaotaka kumfariji. Anapata sehemu mbili za kuulizwa anatoka wapi.

Lakini leo sitaki kuandika juu ya hilo. Nataka kuandika juu ya kaka na neno pole.

Kaka Abdalla ndiye aliyenilea baba yetu alipofariki. Ndiye aliyeniozesha, na ndiye aliyenisindikiza nilipoondoka, akarudi nyumbani akiamini kwamba amempeleka dadake adhabuni. Imani hiyo hajaiacha. Kila nikitaja milima, huniambia pole. Nikimsimulia theluji iliyofika kwenye ukingo wa dirisha, pole. Nikimsimulia nilivyojifunza kuoka mkate wa shayiri, pole. Siku moja nilimwambia kwamba asubuhi za Januari hewa ya kule ni safi mno hata unamsikia mtu akikohoa ng'ambo ya mto. Akatikisa kichwa kwa huzuni. "Pole sana, dada. Na kikohozi juu yake."

Mimi nilikuwa na maisha kule. Nilikuwa na majirani, na bustani ya viazi, na njia yangu ya kwenda kwa mwoka mikate ambayo ningeweza kuifuata nikiwa nimefumba macho. Nilicheka kule. Niligombana na watu nikapatana nao. Hakuna aliye hai wa damu yangu, ukimtoa Saida, aliyeyaona maisha hayo. Nataka kaka ayaone kabla mmoja wetu hajatangulia. Sina ombi jingine katika safari hii.

Ndiyo sababu nyumba ni jambo kubwa. Kaka akilala wiki nzima katika chumba chenye giza na baridi, atarudi Malindi na ushahidi. Ataniambia pole ile ya mwisho, na sitakuwa na la kujibu.

Wasomaji wachache wa shajara hii, ambayo huiweka kwenye blogu, wengi wao watu wa pwani waliotawanyika kama nilivyotawanyika mimi, huniuliza inawezekanaje mtu asiye na mali kwenda likizo ya theluji. Inawezekana, lakini usianze na hoteli. Anza na ramani. Vijiji vya juu kabisa, ambako unavaa viatu vya kutelezea mlangoni na kuondoka, ni vya wenye nacho. Teremka bonde kijiji kimoja au viwili. Bei inateremka nawe, na asubuhi kuna basi la kukupandisha. Kisha tazama jikoni. Familia inayokula mkahawani mlimani mchana na usiku hurudi nyumbani bila nauli. Kisha uliza, kabla hujatuma hata senti: shuka zimo? Kuni zimo? Usafi wa siku ya kuondoka umo? Nimeona nyumba za bei ya kutupa ambazo, ukishalipia shuka, taulo, kuni na ufagio, zinakuwa ghali kuliko hoteli yenye chai ya asubuhi. Na ukwepe wiki ambazo shule za kule zinafunga, kwa kuwa wiki hizo hata banda la mbuzi lina mteja.

Tangu alfajiri nilikuwa nikisoma matangazo ya bonde letu, na lazima nikiri kwamba niliyasoma kwa raha kama msomaji wa hadithi. Nawapenda watu wa milimani kwa namna wanavyoandika. Sisi tukiuza chumba tunakipamba mpaka chenyewe kinaona haya. Wao wanaandika: ngazi ni mbaya, mbwa ni mzuri. Wanaandika: maji ya moto yanatosha watu watatu, wa nne asubiri. Mmoja aliandika kwamba kitanda cha chumba cha juu kinalia, lakini kimelia tangu enzi za babu yake na hakijavunjika. Ningeweza kumkumbatia mtu huyo.

Nikabaki na tatu. Kwanza, hosteli karibu na lifti inayowapandisha watelezaji mlimani, vyumba vya watu sita sita, vitanda vya ghorofa, bafu la pamoja. Pili, fleti ndogo katika jengo jipya, hatua chache kutoka kituo cha basi. Tatu, sehemu ya nyumba ya mkulima kwenye upande wa jua wa kijiji changu cha zamani, ghali kidogo kuliko tulivyopanga, lakini ina madirisha makubwa na jua kutwa. Moyo wangu ulikuwa kwenye hiyo ya tatu. Hata hivyo sikutaka kuamua peke yangu. Nilifunga kompyuta nikaenda kwa kaka, mtaa wa Barani, kabla jua halijawa kali.

Kaka alikuwa barazani na miwani yake puani. Wifi yangu Zainabu alikuwa chini akipukuchua baazi ndani ya ungo. Yeye haendi. Amesema wazi kwamba Mungu akitaka kumwonyesha barafu atamwonyesha ndani ya friji.

"Sabalkheri, Bi Mtaliano," akaniambia. "Umekuja kumchukua mume wangu? Mchukue. Ila umrudishe laini kama alivyo. Sitaki kurudishiwa mtu mgumu kama samaki wa friza."

"Sabalkheri, wifi. Huyu hajawahi kuwa laini."

"Basi usimwongezee."

Kabla sijaendelea inafaa umjue kaka yangu. Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza mapokezi katika hoteli moja ya ufukweni hapa hapa, mpaka ilipofungwa. Alipokea wageni waliofurahi na wageni waliokasirika, katika Kitaliano alichojifunza kwa kusikiliza malalamiko. Matokeo yake ni kwamba hawezi kusema "nakupenda" kwa Kitaliano, lakini anaweza kusema "bomba litatengenezwa kabla ya chakula cha jioni" kwa namna tano, zote za kutia moyo. Ukimpa picha ya chumba, anaisoma kama daktari asomavyo picha ya mbavu.

Nikamwonyesha hosteli. Hakumaliza.

"Watu sita wasiojuana chumba kimoja, na viatu vyao vibichi? Hapana. Mpe mgeni mwingine."

Nikamwonyesha fleti. Hiyo aliitazama sana, akaisogeza karibu, akaikuza kwa vidole viwili.

"Wamesema wanalala sita."

"Ndiyo."

"Hesabu viti vya mezani."

Vilikuwa viwili, na kigoda.

"Hapo watu wanalala, lakini hawali," akasema. "Na picha hii imepigwa na mtu aliyesimama ndani ya kabati. Mimi nilimshikia mpigapicha mlango wa kabati miaka mingi. Naijua pembe hiyo."

Nilimtazama nikafurahi kwelikweli. Mtu wa umri wake, hajawahi kuiona theluji, anaipekua nyumba ya milimani kama aliyejengewa. Akauliza juu ya maji ya chooni, nikamwambia kwamba katika nyumba za Italia kila choo kina beseni lake la kujisafishia, si kama ng'ambo ya mpaka, upande wa Wafaransa. Akaguna kwa heshima. "Waungwana," akasema, na nadhani tangu dakika ile Ufaransa nzima iliondolewa kwenye mipango yetu.

Nilikuwa nikitaka kufungua picha za nyumba ya mkulima ya upande wa jua, aliponizuia kwa kiganja.

"Ngoja. Na mimi nimetafuta."

Akatoa simu yake mfukoni mwa shati. Alikuwa ametafuta kwa siku mbili, wifi akasema, hata chakula alikuwa akikila simu ikiwa mkono wa pili. Akakohoa kidogo, akaanza kunisomea tangazo, Kitaliano kwanza na Kiswahili baadaye, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiwasomea wageni masharti ya hoteli. Nyumba nzima ya mawe, ghorofa mbili. Vyumba vitatu vya kulala. Jikoni kuna jiko la kuni, na kuni zimo. Shuka zimo. Lifti ya watoto wanaojifunza iko umbali wa kutembea. Sebule inaangalia kaskazini. Na sasa sauti yake ikapanda: nyumba iko upande wa kivuli, haipigwi na jua tangu mwanzo wa Novemba hadi siku za mwanzo za Februari.

Akashusha simu, akanitazama kama mtu aliyeokota dhahabu barabarani.

"Kivuli, Rehema! Kivuli cha miezi mitatu! Na bei ni nusu ya hiyo fleti yako. Huyu bwana hajui anachouza."

Akanigeuzia simu nione picha ya kwanza.

"Pale hotelini," akaendelea, "vyumba vya upande wa kivuli tulivipandishia bei, na bado vilijaa vya kwanza. Mtaliano akifika, siku ya kwanza analitaka jua. Siku ya tatu amesimama mbele yangu, mwekundu kama kamba aliyechemshwa, ananibembeleza nimhamishe. Na huyu anatoa kivuli bure! Tena dirisha linaangalia kibla."

Hapo nikaangua kicheko. Nilicheka mpaka nikashika nguzo ya baraza. Wifi akaacha baazi zake.

"Kuna nini? Kuna nini, mbona mwacheka bila mimi?"

Nilipopata pumzi nikamweleza kaka, taratibu, kwamba hapa kwetu kaskazini ndiko kibla, lakini kule kibla ni kusini mashariki. Na kwamba mwenye nyumba hajisifu, anaonya. Kule kivuli hakiuzwi. Kivuli ndicho kinachokupunguzia bei, kama vile paa linalovuja. Kijiji kizima kimekaa ng'ambo moja ya mto, upande unaopata jua: kanisa, duka, mwoka mikate. Upande wa pili, chini ya mlima, kuna nyumba chache tu za mawe, na kiangazi kikiisha jua linapita nyuma ya mlima ule na kuziacha. Mchana kuna mwanga wa kutosha kusoma, lakini jua lenyewe halifiki.

Uso wa kaka ulibadilika polepole. Si kwa sababu ya kukosea. Kaka si mtu wa kuona haya kwa kukosea. Alikuwa amefikia mahali nilipokuwa nikiogopa afike.

"Wewe wajuaje habari za upande huo kwa undani hivyo?"

Nikamwomba simu. Nikatazama picha ya kwanza tena, ile ya nje. Ngazi za mawe, bomba la maji la chuma kando, na nyuma yake safu ya nyumba. Nilikuwa nimeitambua tangu aliponionyesha.

"Kwa sababu nyumba yetu ya kwanza ni hii hapa," nikasema, nikaweka kidole. "Ya tatu kutoka hiyo yako."

Wifi akasema, "Subhanallah."

Basi nikawasimulia jambo ambalo kwa miaka yote sikulisimulia, kwa kuwa lilionekana dogo mno kwa barua. Tulifika kule mwezi wa Agosti, mimi na mume wangu, Agosti yenye joto la kushangaza. Hoteli ilimpa nafasi ya kuchagua kati ya nyumba mbili za kupanga: moja upande wa jua, nyingine upande wa kivuli. Tulivuka daraja, tukaingia ile ya kivulini, na ubaridi ulitupokea mlangoni kama maji ya dafu. Tulitazamana. Watu wawili wa pwani! Kodi nusu, na kivuli bure! Mume wangu alisema maneno yale yale ya kaka, kwamba mwenye nyumba hajui anachopangisha. Nami nikaandika nyumbani kwamba tumepata nyumba yenye ubaridi mzuri.

"Naikumbuka barua hiyo," kaka akasema. "Niliwasomea watu."

Novemba jua likapita nyuma ya mlima. Tulidhani ni mawingu. Baada ya juma moja nilikwenda kwa jirani yetu Teresa, bibi mjane mwenye kuku sita, nikamuuliza jua limekwenda wapi. Alinikalisha, akanipa supu, akanieleza. Sikuinywa supu ile kwa njaa. Niliinywa nikiwa na hasira na mlima.

Hapo nikamwona kaka anafungua mdomo. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wake. Nikamtangulia.

"Bado sijamaliza, kaka."

Kwa maana uzuri uko mbele. Mwisho wa Januari nilianza kuona kitu. Adhuhuri, ncha ya bomba la moshi la nyumba ya juu kabisa iling'aa, dakika chache tu, kisha ikazima. Kesho yake mwanga ukashuka kidogo, ukagusa vigae. Siku zilivyokwenda ndivyo ulivyoshuka, nyumba hadi nyumba, nasi tukiungoja kama watu wanavyongoja mgeni anayepanda ngazi. Ilikuwa mwanzoni mwa Februari ulipofika chini, kwenye uwanja mdogo mbele ya nyumba zetu. Teresa alinigongea dirisha na kijiko.

Watu wote wa upande wa kivuli walikuwa nje. Kila nyumba ilikuwa imetoa mayai, na yalikaangwa pale pale uwanjani kwenye sufuria pana, kimanda kikubwa cha kila mtu. Ndiyo desturi yao siku jua linaporudi. Hakuna hotuba wala ngoma. Unapewa kipande chako kwenye sahani, unasimama juani, unakula.

Nami, nikiwa nimepewa sahani yangu, nikafanya nilichokuwa nimekifanya maisha yangu yote nikiwa na sahani mkononi. Nikageuka nikaenda kutafuta kivuli.

Wifi aliangua kicheko cha ghafla, baazi zikamwagika.

Ndivyo walivyocheka na wao. Uwanja mzima ulicheka. Mtu ambaye hajaliona jua kwa miezi mitatu, limekuja, naye ameligeuzia mgongo! Teresa akanifuata, akanishika mkono wa koti, akanirudisha katikati ya jua na kunisimamisha pale kama anayesimamisha kiti. Mikono yake ilikuwa na harufu ya siagi. Akaniambia nisiondoke mpaka jua liondoke lenyewe. Nikasimama. Uso wangu ukapata joto. Sijui namna ya kulieleza joto lile kwa watu wa Malindi, ambao joto kwao ni kitu cha kukimbia. Nilihisi kama mtu amenitambua.

Tulikaa katika nyumba ile miaka minne. Kisha Saida alipozaliwa tulihamia upande wa jua, kama kila mwenye busara. Lakini kila Februari nilivuka daraja na mayai yangu.

Hapo nikamaliza. Nilikuwa nikimtazama kaka, nikingoja. Naijua pole yake inavyoanza: huanza na pumzi ndefu.

Akavuta pumzi.

"Kimanda hicho," akasema, "ni cha siagi au cha mafuta?"

"Siagi. Na vitunguu vya majani, kama vipo."

"Na bado wanakipika?"

Sikujua. Nikamwambia nitamuuliza mwenye nyumba.

"Muulize," akasema. "Kama bado wanakipika, sitaki nyumba nyingine. Wiki yetu si ndiyo wiki hiyo? Mwanga si utakuwa unashuka?"

"Kaka, ni baridi upande ule."

"Kuna jiko, na kuni zimo. Nimesoma." Akagonga simu kwa kidole. "Wewe ulikaa miaka minne. Mimi siku saba zitanishinda?"

Nikarudi nyumbani kwa miguu, polepole, nikitembea upande wa ukuta wenye kivuli, na njiani nikajigundua na kucheka peke yangu.

Mchana nilikaa tena mbele ya kompyuta, safari hii kama mtu wa hesabu, kwa kuwa sikutaka moyo uniamulie. Nikasoma tangazo neno kwa neno. Madirisha yamebadilishwa, yana vioo viwili viwili. Ya kwetu yalikuwa na kioo kimoja na magazeti. Vyumba vyote vina vyuma vya kupasha joto, na gharama yake imo. Lifti ya watoto iko upande huo huo, na hiyo si ajabu: theluji inakaa vizuri pasipo jua. Wajukuu watatembea wenyewe na viatu vyao, hatutalipia basi. Meza ya jikoni ina viti vinane. Nilivihesabu, kaka akiwa kichwani mwangu. Na ile tofauti ya bei itatosha kuwalipia watoto mwalimu na kuwakodishia vifaa. Kama ningekuwa nasoma tangazo hili bila kumbukumbu, ningelichagua saa mbili asubuhi.

Nilikuwa nimeipita nyumba hii katika orodha, sasa nakumbuka. Niliona maneno "upande wa kivuli" nikashuka chini bila kusimama. Kaka aliyaona maneno hayo hayo akasimama.

Nikamwandikia mwenye nyumba. Nikamwambia mimi ni nani na nilikaa nyumba ipi, nikamuuliza juu ya mayai. Jibu lilikuja kabla ya alasiri, fupi kama watu wao. Teresa alikwisha kufariki zamani. Uwanja bado upo. Jua, mawingu yakiliruhusu, litafika uwanjani katikati ya wiki yetu. Wanakula kimanda kila mwaka, na kila nyumba yenye watu inatoa mayai, wageni wakiwemo. Mwisho akaandika kwamba bibi yake aliwahi kuwasimulia wajukuu juu ya mwanamke aliyelikimbia jua na sahani mkononi, na wao siku zote walidhani ameitunga.

Nilisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko ilivyohitaji.

Nikalipa. Nikaenda kwa kijana wa mashine kutoa nakala za karatasi ya nyumba, ile ya kuonyesha ubalozini, kisha nikampelekea kaka nakala yake. Alasiri ilikuwa imeshaadhiniwa lakini jua lilikuwa bado kali, lile la kukuuma shingoni. Sauti ya wifi niliisikia kabla sijafika.

"Rehema! Njoo haraka umwone kaka yako! Theluji hajaiona, wazimu wake keshaupata!"

Baraza lilikuwa tupu. Kaka alikuwa amekitoa kiti chake nje, akakiweka katikati ya uwanja, mbali na kila ukuta na kila mti. Alikuwa ameketi wima, kofia gotini, macho ameyafumba, uso ameuelekeza juani. Jasho lilikuwa likimtiririka mpaka kwenye ukosi. Mapajani alikuwa na sahani, tupu.

"Unafanya nini, kaka?"

"Najizoeza." Hakufungua macho. "Nisije nikapewa kimanda mbele za watu wako, miguu ikanipeleka kivulini. Mmoja katika ukoo ametosha."

"Mwambie ametosha kuiva upande huo, ageuke!" wifi akapaza sauti kutoka jikoni.

Nikaiweka karatasi ya nyumba kwenye ile sahani. Kisha nikavuta kigoda nikakaa kando yake, juani, nikafumba macho na mimi. Wifi alitoka, akatutazama, akasema jamaa hawa wamezaliwa siku moja ya jua kali, akarudi ndani. Alipotoka tena alikuwa na maji ya ndimu, glasi mbili.

Sasa magharibi imeingia, nami niko kwangu, ngozi ya uso inanivuta. Nimekaa kuandika haya, na ni sasa tu ndipo nimegundua: leo nimemsimulia kaka habari za miezi mitatu bila jua, na hakuniambia pole hata mara moja.

Kesho naanza kutafuta soksi za sufu katika mji wa Malindi. Nitaanzia wapi, mitumba?